Linkin Park waliopiga Munich jana ni wale wale? Wana Rock City tukutane hapa

#1 Mwana_Kirumba
Wakuu, mwadila.

Jana niliwahi banda umiza huku Kirumba nipate benchi la mbele, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2025, PSG na Inter. Kabla timu hazijatoka wakaonyesha jukwaa, jina Linkin Park. Nikawaambia watu tulieni, hawa ndio ujana wangu. Kushika kipaza ni dada. Banda zima likanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Jamaa mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo kaka ujana wako ulikuwa wa kike?"

Baada ya yale magoli matano nikarudi geto, nikaweka bando, nikashusha albamu yao mpya, From Zero, yote. Najua ilitoka Novemba 2024, mimi maisha yalishanipeleka mbali na roki. Nimeirudia mara tatu. Kuna sehemu mwili unasisimka kama niko sekondari 2009. Kuna sehemu nahisi kama nimerudi nyumbani likizo nikakuta makochi yamegeuzwa.

Swali: kilichobadilika hapa ni kitu gani? Msiniambie "mwimbaji", hilo hata mwenye banda kaliona.

#2 Furu_Mkavu
Mji wetu wa Mwanza unaitwa Rock City miaka yote, leo ndio mara ya kwanza naona mnajadili roki badala ya mawe. Nimekaa. Mwenye karanga apitishe.

#3 Sangara_wa_Mwisho
Bila Chester Bennington, mwimbaji wetu wa zamani, hakuna Linkin Park, hilo halina mjadala. Huyo dada si mbaya, ila wangetafuta jina lingine, marehemu apumzike na jina lake.

#4 dagaa_mchele
Huyo dada si mdogo wake Chester? Nilisikia hivyo.

#5 BintiNansio
#4 hapana, umelishwa. Ni Emily Armstrong, alikuwa anaimba Dead Sara, bendi ya Los Angeles. Hana undugu na Chester.

#3 jina halikuwa la marehemu. Walianza 1996 kule California wakiitwa Xero, mwimbaji akiwa Mark Wakefield. Chester kaja 1999, wakajiita Hybrid Theory, ndipo wakaishia Linkin Park. Kwa hiyo From Zero ina maana mbili, kuanza sifuri na kutokea Xero. Ukisema bendi ni Chester, wale waliomtangulia utawaweka wapi?

#6 Sangara_wa_Mwisho
Da Nansio umekuja na mafaili kabisa. Haya, mchukue huyo Mark mpeleke stendi ya Nyegezi uone kama kuna konda atamjua. Chester hata bibi yangu wa Magu alimjua. Alikuwa ananiambia, "Mzime huyo anayelia."

#7 Fundi_Ampu
Wote mnaangalia mdomo. Mimi natengeneza ampu hapa Mabatini siku zote, sikio langu linaanzia chini kupanda juu.

Kilichobadilika ni dramu. Rob Bourdon hayupo, alichagua kukaa mbali na bendi. Anayepiga sasa ni Colin Brittain, ambaye ni prodyuza pia. Rob alikuwa anapiga kama saa ya ukutani. Pigo linakaa pale pale, gitaa linakuja kuliegemea, Mike Shinoda anachana juu yake bila wasiwasi. Huyu Colin anasukuma. Sikiliza wimbo wa Casualty, dramu ziko mbele ya gitaa kama bodaboda anayewahi abiria kwa mwenzake. Si kosa, ni mwendo mwingine. Ukimrudisha Chester leo ukamweka juu ya hizo dramu, bado mtasema kuna kitu kimehama.

#8 Kaka_Igoma
Naunga mkono hoja ya fundi. Na yule mpiga gitaa wa mahedifoni makubwa naye kasepa. Wamebaki Mike na yule DJ tu.

#9 BintiNansio
Kaka Igoma hapo umechemsha. Brad Delson yumo kwenye albamu, gitaa ni lake. Asichofanya ni kwenda ziara, jukwaani anasimama Alex Feder. Na Phoenix wa besi yupo. Wa zamani ni wanne: Mike, Brad, Phoenix, Joe Hahn.

#10 Mzee_wa_Santuri
Wanangu, habari zenu. Huo muziki wenu wa mayowe siujui sana, mjukuu ndiye anaupiga humu ndani nami nausikia nikitaka nisitake. Ila swali la mleta uzi ni la siku nyingi.

Bendi ya NUTA Jazz ilianza 1964. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo mnaiita Msondo Ngoma. Mwimbaji Gurumo alikuwemo toka mwanzo. 1978 akaondoka kwenda Mlimani Park, hiyo Sikinde. 1985 akaenda Safari Sound. Mwisho akarudi Msondo. Kila akihama tulisema hapa pamekwisha, na wiki inayofuata tuko pale pale tunatafuta meza. TX Moshi William katutoka 2006, Gurumo 2014. Mara ya mwisho nilipokwenda Dar nikapita kuwaona, kijana mmoja anaimba mahali pa TX. Sisi wazee tumekaa mezani tunalalamika, huku miguu chini ya meza inacheza yenyewe.

Mkitaka kujua kama bendi ni ile ile, msimsikilize mwimbaji. Sikilizeni gitaa la rithimu linavyojibizana na tumba, na ala za upepo zinaingia wapi.

#11 dagaa_mchele
Shikamoo mzee. TX si alikuwa Sikinde?

#12 Mzee_wa_Santuri
Marahaba. TX alikuwa Msondo mpaka mauti yanamkuta. Huenda unamwaza Bichuka, ingawa naye alizunguka. Ukilirudia kosa hilo mbele ya shabiki wa Msondo utalipa soda za meza nzima.

#13 Furu_Mkavu
dagaa_mchele leo una hali gani mkuu, mara mdogo wake Chester, mara TX wa Sikinde. Kunywa maji.

#14 Sangara_wa_Mwisho
Mzee nakuheshimu sana, lakini mfano haulingani. Msondo jukwaani walisimama waimbaji kadhaa, akitoka mmoja wengine wanabeba. Linkin Park sauti zilikuwa mbili tu, mmoja anachana, mmoja analia. Ni kama kigoda cha miguu miwili, ukitoa mmoja kimelala.

#15 Furu_Mkavu
Kigoda cha miguu miwili umekiona wapi?

#16 Sangara_wa_Mwisho
Haya, baiskeli. Umefurahi?

#17 Malimbe_Boy
Baiskeli inatufaa, kwa sababu mimi naona gurudumu lililohama ni Mike, na hamumsemi kabisa.

Chukua The Emptiness Machine, ndiyo waliyorudi nayo Septemba 2024. Anayeanza kuimba ni Mike. Hachani, anaimba, ubeti wa kwanza mpaka kiitikio. Emily anakuja ubeti wa pili. Zile ngoma zilizotufanya tuwe mashabiki mpango ulikuwa mwingine, Mike anachana beti, Chester anakuja kulipua kiitikio. Siku hizi Mike ndiye anakufungulia mlango, anakukaribisha, halafu anakwambia kuna mtu nataka umjue. Nadhani walifanya makusudi, tusishtuke. Kwangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko dramu za fundi.

#18 Fundi_Ampu
Dramu "za fundi" tena? Haya.

#19 Kaka_Igoma
Malimbe umeongea. Hivi Chester alifariki lini vile, 2018?

#20 Malimbe_Boy
20 Julai 2017. Siwezi kusahau.

Nilikuwa chuo, tunakaa wanne chumba kimoja huku Malimbe. One More Light ilikuwa imetoka Mei mwaka huo huo, na sisi tuliiponda vibaya mno. Tuliiita muziki wa saluni. Rafiki yangu mmoja, ndiye aliyenifundisha hii bendi, alifuta albamu yote kwenye laptopu mbele yetu, akatupa na hotuba. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Habari ilitufikia tumelala. Asubuhi umeme hakuna, simu yangu ina asilimia chache. Huyo jamaa ameshika laptopu, haina chaji, anaifungua na kuifunga. Anataka kuishusha tena ile albamu. Akatembea mpaka kwenye kibanda kimoja chenye jenereta, kakaa pale na wanaochaji simu mpaka mchana. Karudi nayo. Tukaisikiliza mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyesema saluni. Maneno ni yale yale tuliyoyacheka, sasa tunayasikia kumbe mtu alikuwa anatuambia yuko vibaya.

Ndiyo maana hii ya sasa sina haraka ya kuiponda. Wala kuisifia.

#21 Mwana_Kirumba
Pole sana Malimbe. Huyo rafiki yako yuko wapi siku hizi?

#22 Malimbe_Boy
Yupo Bukoba, ana watoto wawili, ni mwalimu. Anasikiliza kwaya.

#23 BintiNansio
Pole kaka. Na hapo ndipo ninapochoka na maneno "sauti ya zamani". Ipi? 2007 walimchukua prodyuza Rick Rubin wakaacha kile walichokuwa wanakifanya kwenye albamu za kwanza, Hybrid Theory na Meteora, watu wakalalamika. 2010 A Thousand Suns, humo mna sauti ya Oppenheimer na ya Martin Luther King katikati ya vinanda, watu wakasema wamechanganyikiwa. 2014 The Hunting Party, magitaa yamerudi kwa hasira, wakasema wamechelewa. 2017 ndiyo hiyo ya Malimbe. Hawa wamehama kila albamu na Chester akiwemo. Mimi nashangaa kinyume chake, mbona safari hii wamebadilika kidogo hivi?

#24 Kaka_Igoma
Umenifungulia njia. Jibu ni biashara. Ukiwa na mwimbaji mpya huwezi kumletea mteja na mapishi mapya siku hiyo hiyo, atakimbia. Wewe isikilize From Zero, kila wimbo una harufu ya albamu fulani ya nyuma. Two Faced ni Hybrid Theory mtupu, na skrachi za Joe Hahn juu. Ni kama kuingia mitumba Mlango Mmoja, unashika shati unasema hili nililiwahi. Halafu wakaipima ndogo, dakika 32 tu nyimbo 11! Hela yetu nzima, muziki nusu.

#25 BintiNansio
Hela ipi? Umeishusha wapi hiyo albamu?

Na Meteora ni dakika 36 na ushei. Hybrid Theory 37. Hawajawahi kuwa watu wa albamu ndefu. Mei 2025 wameongeza nyingine tatu, kazipakue kwa njia hiyo hiyo yako.

#26 Kaka_Igoma
Tuache mambo ya njia.

#27 Mama_Magunia
Jamani samahani, kuna aliyetoka Mwaloni leo? Dagaa wa Ukerewe wamefika au bado?

#28 Furu_Mkavu
Dada uzi wa muziki huu 😂

#29 Mama_Magunia
Najua, nimesoma toka juu. Namsikiliza huyo Emily hapa hapa huku napakia. Ile Heavy Is the Crown ilipofika kwenye yowe refu, mbebaji mmoja kaangusha gunia akadhani nimeumia.

Mnajadili kana kwamba hamjawahi kusikia mwanamke akipaza sauti. Njooni sokoni alfajiri, mzani ukichezewa. Chester alikuwa analia kama mtu aliyefungiwa ndani. Huyu anapiga kelele kama aliyefungiwa nje na funguo ni zake. Mimi ya pili naielewa zaidi, na simlazimishi mtu.

#30 Sangara_wa_Mwisho
Mama hapo umenipiga. Lakini yowe, tukienda kwa yowe, Given Up ya 2007 ni sekunde 17 mfululizo. Hakuna wa kuligusa lile.

#31 Mama_Magunia
Sikushindanisha mwanangu. Nimesema naelewa. Dagaa je?

#32 Fundi_Ampu
Dagaa sijui. Yowe najua kidogo.

Hizi sauti mbili zina mkwaruzo tofauti. Ya Chester ilikuwa nyembamba juu, inapenya katikati ya magitaa kama waya. Ya Emily ni nene, ina vumbi, inakaa sehemu ile ile ambayo gitaa linakaa. Kwa hiyo aliyechanganya muziki lazima alipishe gitaa kidogo. Hata kwenye matamasha, baadhi ya nyimbo za zamani wamezihamisha ufunguo zimkae. Ukihamisha ufunguo nyuzi zinalia kwingine, na wewe uliyeikariri toka utoto utahisi kitu bila kujua ni nini. Haya ndiyo makochi ya mleta uzi.

Ila kabla hatujaendelea, kila mtu aseme amesikilizia kwenye nini. Nina wasiwasi na ninyi.

#33 dagaa_mchele
Simu.

#34 Kaka_Igoma
Simu. Na redio ya daladala. Enzi zile mimi roki niliijulia Kiss FM, ilikuwa hapa hapa Mwanza.

#35 Mwana_Kirumba
Simu, spika ya chini. Na fundi umenigusa pabaya, ngoja niseme kitu nilichokuwa naona aibu kukisema.

2009 niko kidato cha pili. Kulikuwa na duka moja Makoroboi, kijana ana kompyuta imejaa vumbi, unampa memori kadi anakujazia. Nyimbo kumi kwa jero. Hukuchagua, unasema "niwekee za Kizungu kali" anakuwekea anavyojua yeye. Faili linaandikwa Track 07. Mimi In the End niliijua kwa jina hilo, Track 07, karibu mwaka mzima.

Sasa ile ya kwangu ilikuwa na mruko. Mike anamaliza kuchana ubeti wa pili, pale pale kabla Chester hajaingia, inafanya tk-tk, inaruka, kiitikio kinaanzia katikati ya neno. Nimeisikiliza hivyo miaka sita. Natoka shule kwa miguu kupitia Pasiansi, tk-tk. Usiku chini ya neti, tk-tk. Nilikuwa naiimba na mruko wake, hata darasani wenzangu waliokopi kwangu waliimba na mruko.

Jana baada ya From Zero nikaenda kuisikiliza ile ya zamani, safi, kutoka kwenye akaunti yao wenyewe. Ubeti wa pili unaisha, nimeshika pumzi, nasubiri. Haikuruka. Chester kaingia mzima mzima, kirahisi tu. Nikaona hata huyu simjui.

Kwa hiyo nikisema sauti imebadilika, sina uhakika nalinganisha na nini.

#36 Furu_Mkavu
Track 07 😂😂 Mimi ya kwangu iliandikwa "Eminem mpya".

#37 Malimbe_Boy
Ya kwangu mwishoni kulikuwa na sauti ya mtu anatangaza jina la maktaba yake ya muziki. Mpaka leo wimbo ukiisha naisikia.

#38 Fundi_Ampu
Mnaona sasa. Yule kijana alinakili kutoka sidii iliyokwaruzwa, kompyuta ikashindwa kusoma kipande, ikaruka. Halafu akalibana faili ziingie nyingi kwenye kadi ndogo. Ukibana sana, cha kwanza kufa ni matoazi, yanabaki yanachirizika kama mafuta ya kukaangia samaki. Besi nayo spika ya simu haikuwa nayo hata kidogo. Ninyi Linkin Park mliyoijua ilikuwa ya katikati tu, mdomo na gitaa. Dramu za Rob hamjawahi kuzisikia.

#39 Kaka_Igoma
Kwa hiyo fundi hoja yako ya #7 kuhusu Rob tumeizika rasmi? Nawe ulikuwa unanunua Makoroboi kama sisi.

#40 Fundi_Ampu
Mimi nilikuwa na sidii orijino ya Meteora.

#41 Sangara_wa_Mwisho
Chai hiyo. Bado inafuka moshi.

#42 Fundi_Ampu
Nitatupia picha nikifika nyumbani.

#43 Mzee_wa_Santuri
Msimcheke huyo kijana wa Kirumba. Mimi nina santuri moja ya Marijani Rajab ina ufa, sindano inarudi pale pale mara tatu ndipo inavuka. Marehemu mke wangu alikuwa anaifuata, anarudia naye mara tatu huku anapepeta mchele. Mjukuu alinitafutia iliyo safi kwenye simu. Nimemwambia asante, nikamrudishia simu yake.

#44 Giza_la_Dagaa
Nimechelewa, nilikuwa majini. Mama Magunia, dagaa wapo, tumetoka Ukerewe usiku, mizigo inaingia Mwaloni mchana huu. Giza bado lipo, mwezi haujakua, hatujapumzika.

Kuhusu mada. Fainali sisi tuliisikia redioni. Baada ya hapo redio ikaisha maneno, nikaweka hiyo From Zero, nilikuwa nayo kwenye simu toka mwaka jana. Simu naiweka ndani ya sufuria tupu, sauti inakuwa kubwa. Taa ziko majini, tunasubiri dagaa wakusanyike, hamna cha kufanya zaidi ya kusubiri. Ilipofika Overflow, ule wa taratibu wenye vinanda, watu wote mtumbwini wakanyamaza. Wenzangu wale hawajui Chester, hawajui Emily, wala Meteora ya 2003 hawaijui. Mmoja kauliza, "Huyu dada anamgombeza nani?" Nikamwambia sijui. Akasema rudisha nyuma.

Aliirudisha mara nne. Chaji ikaisha.

#45 Sangara_wa_Mwisho
Huyo mwenzako angemsikia Chester kwanza asingerudisha.

#46 Giza_la_Dagaa
Huenda. Ila alikuwa anavuta wavu na anauimba, maneno kayatunga yeye kwa Kikerewe.

#47 BintiNansio
Kwa Kikerewe! Mrekodi kaka, tafadhali.

#48 Mama_Magunia
Wabeja sana Giza. Naenda. Ukimrekodi huyo mwenzako nitumie na mimi.

#49 dagaa_mchele
Fundi, picha ya sidii?

#50 Fundi_Ampu
Nimekuta kasha. Sidii yenyewe watoto walitundika kwenye mahindi kufukuza ndege.

#51 Kaka_Igoma
😂😂😂 Nafunga ofisi.

#52 Mwana_Kirumba
Wabeja wakuu wote. Nimepekua begi la zamani nimepata ile Nokia, haiwaki, lakini kadi imo. Geto hapa sina cha kuisomea, simu yangu haina sehemu ya kadi. Kuna mtu ana kisomeo?

#53 Fundi_Ampu
Lete Mabatini, ninacho. Kama haijaoza naitoa yote, nakusafishia na huo mruko.

#54 Mwana_Kirumba
Mruko usiuguse.

#55 Fundi_Ampu
Lete kwanza.